MAARIFA NYUMBANI NA KAMBINI: Kusimama Hewani si Kupumzika

Wako watu wengi wadhanio kwamba ndege iendayo kasi ndiyo iliyo ngumu kuongoza, na kwamba ile iliyosimama mahali pamoja hewani haimpi rubani kazi yoyote. Kumbe mambo ni kinyume. Ndege ikienda mbio, hewa ipitayo juu na chini ya mabawa huishika na kuinyoosha; ikisimama, mabawa hayo huwa mbao tupu. Baiskeli iliyopakiwa mizigo nayo ni hivyo hivyo: ikiteremka barabarani hunyooka, lakini ikikokotwa polepole katikati ya umati wa soko la Mpondwe, kule Bwera, huyumba hata mwenye nguvu akatoka jasho.

Mkazi wa Wilaya ya Kasese anaweza kuushuhudia ukweli huu bila ya kuona ndege ya chuma. Kwenye mfereji wa Kazinga, uunganishao Ziwa George na Ziwa Edward, yuko mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe ambaye husimama hewani juu ya maji akivizia samaki. Wataalamu wa ndege humtaja kuwa ndiye mkubwa kupita ndege wote wawezao kusimama hivyo hata pasipo upepo wa kuwasaidia. Mtu akimtupia jicho mara moja atasema ametulia. Akimwangalia kwa makini ataona mabawa yakipiga mfululizo na mkia ukifunguka na kujifunga. Kilichotulia ni kichwa peke yake, na macho yaliyomo. Tena pakiwa na upepo, huelekeza mdomo wake kule utokako.

Makala ya leo yahusu ndege za kivita ziwezazo kupaa na kutua wima, na hasa namna ya kuzifanya zisimame hewani ipasavyo ndani ya simuleta, yaani mtambo au programu ya kompyuta inayoigiza urukaji. Huenda msomaji akauliza faida yake ni nini, maadamu hakuna jeshi la Afrika Mashariki lililopata kumiliki ndege za namna hiyo. Faida ni kwamba kanuni zinazoitawala ndege hiyo ndizo zinazomkabili rubani wa helikopta ashushaye majeruhi au chakula kwenye uwanja mdogo wa mlimani, na askari aketiye nyuma yake hulipa kwa roho yake kosa la mkono wa mtu mwingine.

Ndege yenye midomo minne

Iliyo mashuhuri katika ukoo huo ni Harrier ya Uingereza. Mzazi wake, P.1127 ya kampuni ya Hawker, iliinuka ardhini kwa mara ya kwanza tarehe 21 Oktoba 1960 huko Dunsfold, ikiwa imefungwa kwa kamba kama mbuzi malishoni ili isipinduke. Rubani wake, Bill Bedford, alikuwa na mguu uliovunjika, umefungwa plasta. Kamba ziliondolewa tarehe 19 Novemba mwaka ule ule. Harrier yenyewe iliingia katika jeshi la anga la Uingereza mwaka 1969.

Ndege hiyo ina injini moja yenye midomo minne ya kutolea hewa, miwili kila ubavu. Midomo ikielekezwa nyuma, ndege huenda mbele. Ikielekezwa chini, msukumo wote huwa wa kuibeba. Na kwa kuwa mabawa na mkia havina kazi wakati huo, hewa yenye nguvu huchotwa kutoka ndani ya injini, ikapelekwa kwa mabomba hadi puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa, na kutoka kwa kishindo kupitia matundu madogo. Rubani asogezapo fimbo yake ya kuongozea, matundu hayo hupuliza, na ndege huinama upande autakao.

Hapo ndipo shida ianzapo. Fimbo haiiambii ndege iwe mahali gani. Huiambia izunguke. Kuzunguka huzaa mwinamo. Mwinamo huzaa mwendo. Na mwendo ukiachwa huzaa umbali. Kati ya mkono wa rubani na mahali anapotaka kuwapo pana hatua kadhaa, na kila hatua huchukua muda wake. Mwanagenzi huona ndege imeteleza kuume mita mbili, husukuma fimbo kushoto, haoni kitu, huongeza. Ndege inapoanza kuitika, huitikia amri zote mbili kwa pamoja, ikapita mahali palipokusudiwa na kwenda mbali kuliko kwanza. Naye hushtuka na kurudisha kwa nguvu zaidi. Baada ya mizunguko mitatu minne ya namna hiyo ndege iko ubavuni, na kosa lake la awali lilikuwa la mita mbili tu.

Mama abebaye mtungi wa maji kichwani bila kuushika hangoji mtungi ulale ndipo ausahihishe. Shingo yake husahihisha mapema, kwa kiasi kidogo sana, na bila kukoma. Rubani hodari hufanya vivyo hivyo: husukuma kidogo, huondoa alichokisukuma kabla ndege haijafika, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko kugumu kufundisha. Mkono wa kushoto nao una kazi kama hiyo upande wa juu na chini, kwani wenzo wa nguvu za injini hauamuru kimo bali huamuru msukumo, na kimo huja baadaye.

Kujifunza bila kuzika mtu

Wazo la kumfundisha rubani akiwa angali ardhini si jipya. Mwaka 1934 Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na katika muda wa miezi michache marubani zaidi ya kumi walikufa, wengi wao katika giza na hali mbaya ya hewa waliyokuwa hawajaizoea. Baada ya msiba huo ndipo jeshi hilo liliponunua mashine za Edwin Link, aliyekuwa ametengeneza kisanduku chenye mabawa madogo, kikiinamishwa kwa mivukuto ya hewa kama ile ya vinanda. Hata wanaanga walifanya hivyo. Kabla ya kwenda mwezini walizoezwa kwa chombo kilichobebwa na injini ya ndege, kilichoigiza wepesi wa vitu huko. Tarehe 6 Mei 1968 chombo hicho kilimponyoka Neil Armstrong karibu na Houston. Alijirusha nje kwa kiti cha dharura, akatua kwa mwavuli, na chombo kikateketea. Kuigiza kwa chombo kirukacho kweli, kama ionekanavyo, kwaweza kuua pia.

Siku hizi simuleta si mali ya majeshi makubwa pekee. Ipo programu iitwayo FlightGear, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1990, ambayo hutolewa bure, na ambayo mtu yeyote ana ruhusa ya kuifungua na kuirekebisha ndani yake. Miongoni mwa ndege zake imo Harrier. Umbo la ardhi yake kwa sehemu kubwa limetokana na vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi wa Februari 2000; kwa hiyo bonde la Kasese na milima ya Rwenzori vimo humo. Kijana wa Bwera mwenye kompyuta iliyokwisha tumika na fimbo ya bei nafuu aweza kuiweka ndege hiyo kwenye uwanja wa ndege wa Kasese jioni baada ya kazi, na kuivunja mara hamsini pasipo mtu kuumia.

Naye ataivunja. Halafu atataka kurekebisha mambo, na hapa ndipo panapohitaji busara, kwa sababu yako marekebisho ya halali na yako ya udanganyifu, na yote mawili huifanya ndege isimame vizuri zaidi.

Mkono, msaidizi na jicho

La kwanza la kutazama ni fimbo yenyewe. Fimbo nyingi za bei nafuu zina ulegevu katikati: hulala kidogo kabla kompyuta haijaona kitu, kisha huruka ghafula. Kwa ndege iendayo mbio kasoro hiyo haionekani, bali kwa ndege iliyosimama ni sumu, kwani kazi yote hufanyika papo hapo katikati. Dawa yake ni kuiambia programu iwe pole karibu na katikati, na kuongeza ukali kadiri fimbo iendavyo pembeni. Wengine hurefusha fimbo kwa bomba la plastiki ili mwendo mkubwa wa mkono uwe mwendo mdogo wa ndege. Hilo ni jambo la kuchekesha kulitazama, lakini lina akili.

La pili ni msaidizi. Harrier ya kweli haikuachiwa rubani peke yake. Ilikuwa na jairo, kifaa kinachohisi mzunguko, kilichoyafungua matundu ya hewa kidogo dhidi ya kila kuyumba. Yafaa kuelewa vema kazi ya kifaa hicho. Hakikuirudisha ndege mahali pake wala kuilaza sawa. Kilipinga tu haraka ya mzunguko, kama mafuta mazito yanavyoupinga mlango usifunguke kwa kishindo. Tena kilipewa nguvu chache makusudi, ili kikiharibika rubani aweze kukishinda. Simuleta isiyokuwa na msaidizi huyo ni ngumu kuliko ndege yenyewe, na anayemwongeza haibi kitu. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kumpa nguvu zisizo na mpaka, hata ndege ikaonekana imegandishwa kwa gundi.

Uko msaidizi wa daraja la juu zaidi. Waingereza walitumia Harrier moja ya viti viwili, iliyoitwa VAAC, kutafuta namna ya kuifanya fimbo iamuru mwendo wenyewe badala ya mzunguko. Mwaka 2005 ndege hiyo ilitua yenyewe juu ya meli ya HMS Invincible. Matunda ya utafiti huo yako katika ndege ya F-35B: ikiwa imesimama hewani na rubani akaachia fimbo, nayo hubaki pale pale. Ni jambo zuri sana. Lakini anayemtia msaidizi wa F-35B ndani ya Harrier ya mwaka 1969, kisha akajisifu kwamba ameitengeneza Harrier, ametengeneza ndege isiyokuwapo.

La tatu ni jicho, na pengine ndilo lisahaulikalo kuliko yote. Rubani aliyesimama hewani hatazami pua ya ndege yake. Hutazama mti ulio mbali na nguzo iliyo ubavuni, na kwa pembe ya jicho huhisi kuteleza kabla akili haijakutambua. Kioo kidogo cha kompyuta humnyima pembe hiyo. Basi atakayerekebisha programu na aweke vitu vya kutazamwa kuzunguka uwanja: miti, mapipa, mistari meupe, hata mbuzi. Mahali penye majani matupu ya kijani, pasipo alama, hata rubani mzoefu atateleza bila kujua. Pia picha isichelewe nyuma ya mkono. Ucheleweshaji wa sehemu ya kumi ya sekunde, ambao msomaji hawezi kuuona akitazama sinema, watosha kumfanya mtu asukume mara mbili pale alipopaswa kusukuma mara moja. Mara nyingi mwanafunzi hulaumu mkono wake kumbe kompyuta ndiyo iliyozidiwa na mzigo wa picha nzuri. Akipunguza uzuri wa mawingu, mkono hupona.

Mbele ya kioo cha Harrier palikuwa na kishale kidogo cha upepo, kama vile vya paa la nyumba. Injini yake humeza hewa nyingi mno, na upepo ukiingia kwa ubavu humezwa kwa mkupuo unaoivuta pua pembeni na kulalisha ndege. Wako marubani waliopotea kwa njia hiyo. Kishale kilimwonyesha rubani kwamba pua iko mbele ya upepo. Mdiria wa Kazinga hahitaji kishale. Katika simuleta kisiwe pambo tu: mvuto huo wa ubavuni uwemo ndani ya hesabu, la sivyo mwanafunzi atakidharau.

Hewa ya Kasese haidanganyi

Fimbo, msaidizi na jicho vyaweza kurekebishwa. Hewa haipaswi kuguswa, ila kuifanya iwe kama ilivyo.

Uwanja wa Kasese uko kama mita 960 juu ya usawa wa bahari, na alasiri joto hufika nyuzi 30. Hewa ya mahali hapo, saa hizo, ina uzito wa kama asilimia 85 ya ile ya pwani kwenye nyuzi 15, kipimo kitumiwacho na wahandisi. Harrier ya toleo la GR.3 ilikuwa na msukumo wa kama kilo 9,750 kwa kipimo hicho, na yenyewe ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa kilo 6,100 hivi. Pwani, basi, hubaki kilo 3,650 za rubani, mafuta na silaha. Kasese, kwa hesabu nyepesi ya wembamba wa hewa peke yake, msukumo hushuka hadi kama kilo 8,300, na kinachobaki ni kilo 2,200. Hali halisi ni mbaya kuliko hesabu hiyo, kwani injini huzuiwa na joto lake yenyewe, na hewa ipelekwayo kwenye matundu hupunguza msukumo. Alfajiri, joto likiwa nyuzi 18, hurudi kilo 300 na ushei, ambao si mzigo wa kudharau. Ndiyo maana marubani wa milimani hupenda kuamka mapema.

Waingereza walijua habari za joto, wakaipa Harrier tangi la maji safi ya kupuliziwa ndani ya injini ili isipate moto kupita kiasi. Yalikuwa lita 227 hivi, yaani jerikeni kumi na moja na zaidi. Mama wa nyumba ya Kasese hupima maji hayo kwa siku. Harrier iliyamaliza kwa dakika moja na nusu. Rubani aliyeanza kupuliza maji alikuwa na muda huo wa kutua, si zaidi. Simuleta yenye maji yasiyokwisha humfundisha mwanafunzi uzembe utakaomwaibisha siku ya kweli.

Karibu na ardhi mambo hugeuka tena. Askari aliyepanda helikopta anajua kwamba ikikaribia chini hupata kama mto wa hewa wa kuegemea. Kwa ndege ya midomo minne si hivyo. Hewa ikimbiayo kwa kasi chini ya tumbo lake huinyonya ndege kuelekea ardhini, na moshi wa moto ukigonga chini hupanda juu na kumezwa na injini, ambayo hupoteza nguvu katika mita zile zile za mwisho. Kwa hiyo marubani wake hawakai karibu na ardhi kutafakari. Hushuka kwa uthabiti mpaka magurudumu yaguse, kisha hukata nguvu. Programu ikitumia hesabu ya helikopta hapa, ni kosa. Mwanafunzi hupata raha isiyokuwapo.

Jambo hili si mchezo wa watoto, hata kama laanzia katika mchezo. Mwezi wa Agosti 2012 helikopta tatu za Mi-24 za Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda zilianguka katika Mlima Kenya zikiwa safarini kwenda Somalia, na jamaa za waliopotea wangali hai. Msiba ule haukuwa wa kusimama hewani, wala haifai kuuingiza katika hesabu za makala hii. Umetajwa kwa sababu moja: mlima hautazami cheo wala bendera, na rubani aliyezoezwa na mashine imfichayo mlima ulivyo amedhulumiwa na mwalimu wake.

Wazazi wa Kasese na Bwera wenye kijana wa namna hii nyumbani wasimfukuze mbele ya kompyuta, wala wasimwachie usiku kucha. Mkono hujifunza kusimama hewani kwa vipindi vifupi. Baada ya dakika ishirini hivi vidole hukaza, na mtu akaanza kujifunza makosa yake. Afadhali arudi kesho. Na akisema amefaulu, ndugu yake aliye jeshini aweza kumpima kwa njia rahisi isiyohitaji ujuzi wa urubani.

Kwanza aiweke ndege Kasese, alasiri, nyuzi 30, ikiwa na kilo 3,000 za mafuta na mizigo, na kumwambia ainue wima. Isiinuke. Apunguze hadi kilo 1,500, ajaribu tena, mara hii upepo ukitoka ubavuni. Iinuke, lakini imtoe jasho. Halafu aipeleke juu ya kilele cha Margherita katika wilaya hiyo hiyo, mita 5,109, ambako hewa haifiki asilimia 60 ya ile ya pwani, na msukumo wa injini hauwezi kufika hata kilo 5,900. Ndege tupu, isiyo na rubani wala tone la mafuta, ina kilo 6,100. Ikisimama pale juu ya theluji kwa utulivu, kijana afungue faili la injini atafute mstari wa msukumo kwa kimo, kwa kuwa haumo.